Mwalimu, anayekufukuza ni nani?

Katika kijiji ninakoishi, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani alfajiri, watu hutoka nje kuuliza kumetukia nini. Pengine nyumba ya jirani inateketea. Pengine mgonjwa amezidiwa na gari linatafutwa. Pengine ni mwizi, naye mwizi hukimbizwa na kila mwenye miguu. Kwamba mwalimu wa Kiswahili aliyekaribia miaka hamsini, aliyezoeleka kwa koti lake na mkoba wake wa ngozi, aweza kukimbia pasipo sababu yoyote ila kukimbia, ni jambo ambalo majirani zangu hawakuliamini hata kidogo. Juma la kwanza walinipa pole. Juma la pili mzee mmoja auzaye maziwa alisimamisha baiskeli yake, akanitazama kuanzia viatu hadi kipara, kisha akaniuliza kwa upole mwingi, "Mwalimu, anayekufukuza ni nani?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba ninafukuzwa na daktari. Alikuwa amenipima damu mara mbili, akakunja uso mara zote mbili, akaniambia kwamba mishipa yangu inabeba shinikizo ambalo halikustahili kubebwa na mtu wa umri wangu. Aliandika dawa, kisha akaniuliza mara ya mwisho kutoka jasho kwa hiari yangu ilikuwa lini. Nilifikiri kwa muda mrefu. Nilikumbuka mwaka niliokuwa chuo cha ualimu.

Ajabu, msomaji mpendwa, ni kwamba haya yametukia Kenya. Hii ndiyo nchi ya Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 kule Mexico mwaka wa 1968. Hii ndiyo nchi ya Tegla Loroupe, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999. Na ya Paul Tergat, ambaye mwaka wa 1998 aliukimbia umbali huo jijini Milan kwa dakika 59 na sekunde 17, ikawa rekodi ya dunia wakati huo. Ulimwengu mzima hudhani kwamba sisi Wakenya huzaliwa tukikimbia. Waama, wageni huja Iten kutoka pembe zote za dunia wakitarajia kumkuta kila mtu njiani anatimua vumbi. Wakija kwetu watamkuta mwalimu mmoja mnene anayeulizwa anafukuzwa na nani.

Nilianza kwa kutembea. Kisha nikawa ninakimbia kutoka nguzo moja ya stima hadi nyingine na kutembea hadi ya tatu. Baada ya miezi kadhaa nikaweza kukimbia hadi sokoni na kurudi. Ndipo mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu, kwa mzaha tu, aliponionyesha tangazo la mbio za Lewa. Nami, kwa ukaidi uliotokana na mzaha huo, nikaanza kujinyima ili nipate ada. Nikiri mapema kwamba ada hiyo si mchezo kwa mwenye mshahara wa ualimu. Fedha zinazochangwa hupelekwa katika uhifadhi wa wanyamapori, shule, zahanati na miradi ya maji, na kwa hiyo sikunung'unika sana. Ila mke wangu alinung'unika kwa niaba yetu sote wawili.

Nilipomwendea mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya Ijumaa moja ili nisafiri, alicheka, akaniandikia papo hapo. Sikuchukua hata dakika tano ofisini mwake. Ninalitaja jambo hili dogo kwa sababu lilikuja kuniuma baadaye.

Kwa asiyeifahamu, Lewa iko katika kaunti ya Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya. Msafiri atokaye Nanyuki hupanda hadi Timau, penye mashamba ya ngano yaliyotandazwa kama mikeka hadi miguuni pa mlima, na baridi ya kumlazimisha mtu kufunga vifungo vyote vya koti. Kisha ardhi huporomoka ghafla kuelekea Isiolo. Katika safari ya muda mfupi, ngano hugeuka nyasi kavu, misonobari hugeuka migunga, na koti huvuliwa. Eneo hilo lilikuwa shamba la mifugo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1983 sehemu yake ilitengwa kuwa kimbilio la vifaru, na mwaka wa 1995 ardhi yote, ekari zipatazo 62,000, ikafanywa hifadhi ya wanyamapori. Mwaka wa 2013 UNESCO ililiingiza eneo hilo, pamoja na msitu wa Ngare Ndare, katika urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Sababu mojawapo ni njia ya kale ya ndovu baina ya mlima na nyanda za chini. Njia ambayo sasa ina hata kivuko chake chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, kilichoanza kutumiwa na ndovu mwanzoni mwa mwaka wa 2011. Wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, maswali mazito kuhusu ardhi ya kaskazini na nani hunufaika nayo. Hilo nitaliandikia siku yake. Siku hiyo mimi nilikuwa na wasiwasi wa magoti tu.

Mbio hizo zilianzishwa mwaka wa 2000. Hazina lami hata hatua moja. Ni barabara za udongo na changarawe ambazo siku nyingine hupitwa na magari ya watalii na, nyakati za usiku, na wenyewe wenye ardhi, yaani vifaru, nyati na simba. Wa nusu marathoni huizunguka njia hiyo mara moja, kilomita 21 na mita 97 na nusu. Wa marathoni kamili huizunguka mara mbili, na Mungu awabariki. Mwinuko wake kutoka usawa wa bahari ni takribani mita 1,700. Kwa wanafunzi wangu wa sayansi, maana yake ni kwamba kila pumzi uivutayo hapo ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ambayo ungeivuta pale Lamu. Mapafu hayajui hesabu, lakini hilo huligundua upesi.

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Jioni ya Ijumaa, nikiwa nimepiga foleni ya chakula katika kambi ya mahema, nilisikia nyuma yangu sauti ikisema, "Mwalimu!" Aliyetumikia kazi hii kwa muda anajua kwamba neno hilo humgeuza shingo hata akiwa usingizini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Uso niliujua ila jina lilinitoroka. Alinitajia mwenyewe bila kunihukumu. Alikuwa mwanafunzi wangu katika shule ya wasichana niliyofundisha zamani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2004. Sasa ni muuguzi, mama wa watoto wawili. Alinisalimu kwa mikono miwili, akauliza kuhusu walimu wenzangu mmoja mmoja, na aliposikia kwamba hizo ndizo mbio zangu za kwanza, akasema, "Basi kesho tutakwenda sote, Mwalimu. Mimi si wa kasi."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Juni mwaka wa 2019. Alfajiri ilikuwa ya baridi, na Mlima Kenya ulisimama upande wa kusini bila wingu hata moja, vilele vyake vikianza kushika rangi ya shaba. Kaskazini ardhi ilishuka, ikashuka tena, mpaka macho yakafika milima ya Samburu iliyokaa mbali kama ngamia waliolala. Helikopta na ndege ndogo zilizunguka juu yetu. Mtoto mmoja aliyekuwa amekuja kwa mbio za watoto za kilomita tano alimwuliza baba yake kama ndege hizo zinatuchunga sisi. Baba akamjibu kwamba zinawachunga wanyama dhidi yetu. Kwa kweli zilikuwa zikifanya yote mawili: kuwasogeza ndovu, nyati na vifaru mbali na njia, huku askari wa wanyamapori wenye bunduki wakisimama juu ya vichuguu na vilima, wakitazama nyasi wala si wakimbiaji.

Baada ya saa moja tukaachiliwa. Wenye miguu yao waliondoka kama kundi la swala waliosikia kijiti kikivunjika, wakaacha vumbi jekundu likining'inia hewani, nasi wengine tukaingia ndani ya vumbi hilo tukikohoa na kucheka. Palikuwa na mabalozi na wapishi, vijana wa vyuo vikuu, akina mama wa mashirika, wanaume waliovaa mavazi ya pundamilia, na wazee ambao niliwadharau kimoyomoyo na ambao walinipita wote kabla ya kilomita ya kumi.

Kukimbia nchi ya vilima si kama kukimbia barabara ya mjini. Barabarani mtu hupata mwendo wake akauvaa kama kanzu hadi mwisho. Katika udongo na miinuko, mwendo huo unavuliwa na kuvaliwa upya kila baada ya mita mia mbili. Kilima kikianza unafupisha hatua, unainamisha kifua kidogo, unaacha kutazama kileleni. Ukitazama kileleni umekwisha. Kilima cha kwanza nilikipanda kwa kiburi na nikakilipia kwenye cha pili. Ama kuhusu mteremko, kila mtu asiyekimbia hudhani kwamba hapo ndipo penye mapumziko, la hasha. Kuparamia mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hunyooka huku ikizuia uzito wa mwili mzima, na kazi hiyo ya kunyooka na kuzuia kwa wakati mmoja ndiyo huichanachana nyuzi zake. Maumivu yake huja siku ya pili, mtu anaposhindwa kushuka ngazi. Fauka ya hayo, nguvu ulizozitumia kupanda hazirudishwi zote na mteremko. Kilima ni mkopeshaji asiyelipa.

Mahali pengine palikuwa na changarawe iliyoteleza kama mahindi makavu yaliyomwagwa sakafuni. Mahali pengine udongo ulikuwa laini, ukimeza kisigino. Jicho halikupata ruhusa ya kuacha njia kwa zaidi ya hatua tatu. Na hilo lilikuwa adhabu hasa, kwa maana kando ya njia kulikuwa na mambo. Tuliwaona twiga wa kaskazini, wale wenye michoro kama wavu uliotandazwa juu ya ngozi, wakitutazama kwa mshangao uleule wa mzee wa maziwa. Tuliwaona pundamilia wa Grevy, wenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo. Jina hilo lilitokana na rais wa Ufaransa ambaye Menelik wa Ethiopia alimpelekea mmoja kama zawadi katika karne ya 19. Sijui rais huyo alimfanya nini. Katika ulimwengu mzima wamebaki elfu chache tu, na wengi wao wako Kenya. Mwanafunzi wangu aliwahesabu kwa sauti. "Saba, Mwalimu. Tazama, wanane."

Niliangalia saa yangu dakika ya 59 ilipotimia. Tergat, kule Milan, alikuwa akikaribia utepe wakati huo. Mimi nilikuwa sijakifikia kibao cha kilomita ya nane, na nilikuwa nimekwisha kula nusu ya pakiti ya glukosi. Ajabu ni kwamba sikuona aibu. Niliona heshima mpya kwa Tergat. Maisha yangu yote nilikuwa nimemshangilia bila kuelewa alichokuwa akikifanya, kama mtu anayesifu utenzi katika lugha asiyoifahamu.

Jua lilipanda, migunga ikapoteza vivuli vyake, na katika vibanda vya maji watu waliacha kunywa wakaanza kujimwagia. Mara kwa mara tulipishana na watu waliokaa kando ya njia wamevua viatu. Tulikuwa tumezoea sasa kupanda vilima vikali kwa kutembea na kukimbia palipo tambarare. Kuelekea kilomita ya 17 njia ilijipinda kushoto, na mbele yetu kikainuka kilima ambacho, kwa macho yangu ya wakati huo, kilifika mbinguni. Tukaanza kutembea. Hakuna mtu aliyesema neno kwa muda. Kisha yeye akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mwalimu, unaukumbuka mtihani wa Machi, mwaka ule wa mwisho?"

Nilisema siukumbuki. Mtu aliyetunga mitihani kwa zaidi ya miaka ishirini hukumbuka mmoja kwa nini?

Akanisimulia. Muhula huo walikuwa wamechaguliwa wasichana sita kuiwakilisha tarafa katika mbio za nyika za shule za upili, ngazi ya wilaya, naye alikuwa wa sita. Basi la shule lilikuwa liondoke Alhamisi. Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wao wa darasa, na mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa siku iyo hiyo. Alikuja chumba cha walimu akasimama mlangoni. Nilimwacha asimame mpaka nikamaliza kusahihisha daftari, kisha nikamwambia kwamba medali haifungui mlango wa chuo kikuu. Basi likaondoka na watano.

"Nilisema hivyo?" nikauliza.

"Ulisema hivyo, Mwalimu. Na unajua katika karatasi yako ya insha ulituuliza nini asubuhi hiyo? Andika insha kuhusu umuhimu wa michezo shuleni." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nilipata alama 17 kwa 20. Uliisoma darasani."

Sikucheka. Nilijaribu kuikumbuka insha hiyo, au mlango ule, au uso wa msichana aliyesimama hapo, na sikupata chochote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya lile neno lenyewe: kwamba jambo ambalo mtoto alilibeba kwa miaka kumi na mitano, mimi sikulibeba hata hadi muhula uliofuata. Nikakumbuka badala yake ofisi ya mwalimu mkuu na ruhusa niliyoipata kwa dakika tano.

Nilisema, kwa kutafuta pa kujishikiza, kwamba huenda nilimpotezea taifa bingwa. Alitikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Nilikuwa wa sita katika tarafa. Wilayani ningekuwa wa arobaini. Mimi sikutaka kushinda. Nilitaka kukimbia tu."

Tulikuwa tumekaribia kileleni. Niliona kwamba amekuwa akiizuia miguu yake tangu asubuhi kwa sababu yangu. Mtu anayepumua jinsi alivyokuwa akipumua hakuhitaji kutembea. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Leo nimekupa ruhusa." Alinitazama kuona kama ninafanya mzaha. Kisha akaenda. Alikimbia vizuri, mabega yametulia, miguu ikigusa changarawe kidogo tu, akatokomea nyuma ya mgunga uliokuwa juu ya kilima, na mimi nikabaki na vilima vyangu vilivyosalia.

Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 51. Alikuwa ameningojea na chupa mbili za maji. Upande wa pili wa kamba, wakimbiaji wa marathoni kamili walikuwa wamekwisha kupita zamani kuanza mzunguko wa pili katika jua lile, na sikuwaonea wivu.

Sasa nirudi katika uwanja wangu, yaani shule, kwa maana mengi ninayotaka kuyasema yako huko. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikipa kipindi cha michezo nafasi katika ratiba lakini haukukipa uzito katika mtihani, na katika shule zetu somo lisilotahiniwa ni yatima. Kila mwenye njaa humnyang'anya chakula chake. Mimi nilikuwa mmoja wa wenye njaa. Kwa miaka mingi nilikiteka kipindi hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikawafundisha wanafunzi ngeli na uakifishaji wakati ambapo ratiba iliyobandikwa ukutani, yenye sahihi ya mwalimu mkuu, ilisema wako uwanjani. Wanafunzi hawakulalamika. Walijua kulalamika ni kukosa adabu. Na mimi niliondoka darasani nikijiona mwalimu mwenye bidii.

Mtu ataniambia kwamba shule zetu hazikuitupa michezo. Kwamba zina timu, vikombe vimepangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na mabingwa wetu wengi walitokea mashindano ya shule. Ni kweli, na hapo ndipo penye kitendawili. Tumekuwa hodari mno wa kuwachuja watoto. Katika darasa la wanafunzi hamsini tunawatafuta watatu wenye mbio, tunawapa uwanja, viatu na safari za basi, kisha tunawaketisha arobaini na saba kwenye nyasi wapige makofi. Baadaye katika maisha hao arobaini na saba ndio wanaokwenda kwa daktari wakaulizwa walitoka jasho lini. Na msichana wa sita, ambaye si bingwa wala si wa kupiga makofi, huyo hatujui tumweke wapi. Ruhusa yake inategemea kama mwalimu wa darasa ameamka vizuri.

Hakuna somo jingine tunalolitendea hivyo. Hatumwambii mtoto aache kuimba Jumapili kwa sababu hatakuwa mwimbaji wa kulipwa. Hatumzuii kusoma hadithi kwa sababu hatakuwa mwandishi. Lakini kukimbia, kitu ambacho mtoto hukijua kabla ya kujua kuhesabu, tumekifanya mali ya washindi, na asiyeshinda akionekana anakimbia tunamwuliza anafukuzwa na nani.

Najua dhiki za walimu wenzangu, kwa hiyo sitawahubiria kutoka juu ya mnara. Walimu hawatoshi, madarasa yamefurika, wazazi huuliza wastani wa alama kabla ya kuuliza jina la mwalimu, na shule nyingi za mijini hazina uwanja wa kugeuzia mkokoteni, sembuse wa kukimbilia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, umeipa michezo hadhi zaidi, hata ukaitengea njia yake pamoja na sanaa katika shule za sekondari ya juu. Nimeufurahia uamuzi huo. Lakini nina hofu moja: kwamba njia hiyo nayo itakuwa ya wateule, na wale waliochagua sayansi na wale waliochagua masomo ya jamii wataketi kwenye nyasi kama kawaida. Ratiba nzuri ilikuwepo hata zamani zangu, na niliiteka nikiwa na chaki mkononi.

Niliporejea shuleni mwaka huo nikichechemea, nilifanya jambo moja dogo. Niliahidi darasa langu kwamba kipindi chao cha Alhamisi hakitaguswa, na kwamba nitatoka nao. Nyuma ya shule yetu kuna kilima chenye njia ya ng'ombe. Kwenda na kurudi ni kama kilomita tatu. Sharti ni moja: hakuna anayepimwa muda. Alhamisi ya kwanza wasichana kadhaa walijificha msalani, na kijana mmoja aliniletea barua ya kuumwa na kichwa yenye mwandiko uliofanana sana na wake. Wenye mbio walifika kileleni wakarudi kutucheka. Nilikuwa wa mwisho. Majuma yaliyofuata nilikuwa wa mwisho pia, ila si peke yangu. Kuna mvulana mzito, mpole, ambaye hakuwahi kunena chochote katika kipindi cha fasihi. Kwenye njia ile ya ng'ombe, tukiwa wawili nyuma ya wote, alinieleza riwaya tuliyokuwa tukiisoma kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Hakuwa na pumzi ya kutosha. Alikuwa akinena sentensi moja kwa kila nguzo ya ua.

Sitadai kwamba alama zao ziliruka juu. Hazikuanguka, ninaweza kuapa kwa hilo tu. Damu yangu imeshuka, na daktari hunikunjulia uso siku hizi. Muuguzi wangu huniandikia ujumbe kila mwanzo wa mwaka kuuliza kama nitakwenda tena, na humjibu kwamba nitaomba ruhusa.

Juma lililopita mwalimu wa hisabati, rafiki yangu wa miaka mingi na mtu mwenye bidii kunizidi, alinijia wakati wa chai. Silabasi imemlemea, mtihani wa majaribio umekaribia. Akaniomba Alhamisi yangu, moja tu. Alinena taratibu, kwa maneno yaleyale ambayo ningeyatumia mimi, na kwa nukta moja nilitaka kumpa. Nilimwambia nitamjibu baada ya kipindi. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, na yule mvulana alikuwa tayari mlangoni, akinisubiri nifunge kamba za viatu.